Unaujua ukoo wako? Safari ya kumtafuta babu huanzia Kisumu

Na MWANDISHI WETU

MWULIZE kijana yeyote wa mjini ambaye wazazi wake wametoka Nyanza jina la babu yake, atalitaja. Mwulize jina la baba ya babu. Ataanza kukuna kichwa. Mwulize ni wa ukoo gani, naye atakutajia kaunti.

Si ajabu. Amezaliwa Nairobi, Nakuru au Mombasa, amesomea huko, na nyumbani kwao huenda Desemba kwa wiki moja au mbili. Muda huo haumtoshi mtu kuwajua hata shangazi zake wote. Lakini iko siku ambapo maswali haya hayakwepeki, na mara nyingi siku hiyo humkuta mtu hajajiandaa.

Huja wakati wa ndoa. Mila ya Waluo hairuhusu watu wa ukoo mmoja kuoana, na hata upande wa mama huchunguzwa. Vijana wanaweza kupendana chuoni miaka mitatu, kisha siku ya kujulishana wazee wakawaambia kwamba babu zao walikuwa ndugu.

Huja wakati wa mirathi. Tangu Sheria ya Urithi ianze kutumika mwaka 1981, mahakama hutaka kujua marehemu aliwaacha nani na nani, na barua ya chifu ndiyo huwataja kwanza. Asiyejulikana kwa chifu wala kwa wazee huwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Huja pia wakati wa mazishi. Wasomaji wenye umri wanaikumbuka kesi ya wakili Silvano Melea Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukashikilia kwamba lazima alale Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, na mazishi yakafanyika Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kifo. Kwa muda wote huo taifa zima lilikuwa likisikiliza swali moja: mtu ni wa nani?

Swali hilo lina majibu, na mengi yako karibu kuliko tunavyodhani. Yako kwenye sanduku la nyanya, kwenye Makumbusho ya Kisumu, kwenye madaftari ya ubatizo na kwenye majalada ya zamani ya serikali. Kinachohitajika ni kujua pa kuanzia.

Jina peke yake halitoshi

Anayeanza kazi hii hudhani kwamba atafunua kitabu alione jina la babu yake pale. Hapo ndipo wengi hukwama. Otieno ni mtoto aliyezaliwa usiku, Ochieng' ni wa jua kali, Odhiambo ni wa jioni na Okoth ni wa wakati wa mvua. Katika kila kijiji cha ufuo wa ziwa wamo akina Otieno wasiohesabika. Ukiingia kwenye nyaraka ukiwa na jina hilo tu, utatoka kama ulivyoingia.

Waluo hawako peke yao katika shida hii. Watu wa Wales, nchi ndogo inayopakana na Uingereza upande wa magharibi, kwa karne nyingi walimtambulisha mtu kwa jina la baba yake. Waliweka katikati neno "ap", yaani "mwana wa", kama Mluo anavyosema "wuod" kwa mwana na "nyar" kwa binti. Baadaye majina yakagandamana: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ap Richard akawa Pritchard. Leo akina Jones na Davies wamejaa huko kama akina Otieno kwetu, na mtafiti wa ukoo hulazimika kujua pia shamba au parokia alikotoka mtu.

Hata hivyo, mtu wa Wales ana ngazi ya kupandia. Serikali yao ilianza kusajili waliozaliwa na waliokufa tarehe 1 Julai 1837, na sensa zao zimehifadhi majina ya watu, nyumba kwa nyumba, kila miaka kumi kuanzia 1841. Sisi ngazi hiyo hatuna. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika katika Kenya nzima ilifanywa 1948, na ilikuwa mwaka 1971 ndipo kusajili kuzaliwa na kufa kulipokuwa lazima kila pembe ya nchi.

Kwa hivyo mtafiti wa Nyanza hupita njia nyingine. Kabla ya kugusa karatasi yoyote, awe na mambo matatu mkononi: jina la mtu pamoja na la baba yake, mahali alipoishi, na ukoo wake. Mambo hayo hayapatikani ofisini. Yako kwa wazee.

Anza kwa nyanya

Wazee wengi hawajui tarehe walizozaliwa, lakini wanajua kilichotokea. Usimwulize nyanya, "Ulizaliwa mwaka gani?" Mwulize, "Ulikuwa mkubwa kiasi gani wakati ziwa lilipofurika?" Mvua kubwa ya mwishoni mwa 1961 ililipandisha Ziwa Victoria, likameza mashamba na kuhamisha vijiji, na hakuna wa ufuoni aliyesahau. Kama alikuwa ananyonya, umeupata mwaka wake. Kama alikuwa ameanza shule Tom Mboya alipouawa, hiyo ni Julai 1969. Na akisema mama yake aliolewa mwaka wa nzige, basi ni karibu na 1931, na mama huyo huenda alizaliwa kabla au wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Uliza pia maana ya majina. Mbali na jina la wakati wa kuzaliwa, Waluo wana jina la juogi, analopewa mtoto kutokana na marehemu wa ukoo, mara nyingi baada ya ndoto. Ukijua mjomba wako alipewa jina la nani, umempata mtu mwingine wa kizazi cha nyuma.

Majina ya mahali nayo huzungumza. "Ka" mbele ya jina ni "kwa fulani". Karachuonyo, kule Homa Bay, ni kwa uzao wa Rachuonyo. Anayesikiliza vizuri hugundua kwamba ramani ya Nyanza ni orodha ya mababu.

Jambo la mwisho: usimsikilize mzee mmoja tu. Profesa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem aliyefariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 95, aliandika historia ya Waluo wa kusini, iliyochapishwa 1967, kwa kuwasikiliza wazee wa koo mbalimbali na kulinganisha masimulizi yao. Alichokifanya msomi huyo kwa jamii nzima, wewe unaweza kukifanya kwa boma lako. Nyanya akisema babu alitoka Alego na mjomba akisema ni Gem, andika yote mawili. Huenda wote wanasema kweli, kwani watu walihama. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliwafukuza wengi kutoka ufuoni, na wengine waliondoka kwa ajili ya ndoa, ugomvi au kutafuta malisho.

Boma la Makumbusho

Ukiwa na maelezo hayo, ingia Makumbusho ya Kisumu, iliyofunguliwa 1980 mashariki mwa mji kando ya barabara ya kwenda Kericho. Watoto hukimbilia nyoka, mamba na samaki, na si vibaya. Lakini anayetafuta ukoo aende kwanza kwenye boma la Kiluo lililojengwa ndani ya ua, liitwalo Ber-gi-dala.

Hapo utaiona nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikitazama lango. Kando yake ni nyumba ya nyachira, mke wa pili, na ya reru, wa tatu. Kuna ghala la nafaka, na simba, yaani nyumba ya mwana wa kiume, imesogea karibu na lango. Kijana wa mjini anaweza kuona ni vibanda tu. Kwa mtafiti wa ukoo, huo ni mchoro wa nasaba uliosimamishwa kwa udongo na nyasi.

Sababu ni hii: kwa Waluo ukoo hugawanyika kwa kufuata nyumba za akina mama. Watoto wa mama mmoja ni jokamiyo, na vizazi vikizidi kwenda, wajukuu wa mikayi na wajukuu wa nyachira huwa milango miwili tofauti. Kwa hivyo ukiambiwa, "Babu alikuwa mwana wa Ouma," uliza mara moja, "Wa nyumba ya nani?" Bila jibu hilo utachanganya ndugu wa baba mmoja, na mti wako utaota matawi mahali pasipo pake.

Mpeleke mzee huko kama ana nguvu za kutembea. Akiliona ghala au chungu alichokipika mama yake, atakumbuka watu ambao hakuwataja sebuleni.

Sanduku la chini ya kitanda

Kabla ya kwenda ofisini, omba ruhusa ya kutazama karatasi za nyumbani: vyeti vya shule, stakabadhi za kodi, barua, picha, kadi za kliniki, na hasa kipande. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, nacho kiliandikwa jina, alama za vidole, mahali mtu alikotoka na waajiri wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kilikuwa kitu cha kudhalilisha. Leo, kwa mjukuu, huenda ndiyo karatasi pekee iliyobaki inayomtaja babu yake.

Mfano unaojulikana zaidi uko Kogelo, Siaya. Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka 1995, Barack Obama, miaka mingi kabla ya kuwa Rais wa Marekani, anasimulia jinsi alivyoonyeshwa nyumbani kwa nyanya yake kitabu cha utumishi cha babu yake, Hussein Onyango, aliyekuwa mpishi wa Wazungu. Ndani yake yalikuwamo maelezo ya umbo lake na maoni ya waajiri. Pamoja nacho zilikuwapo barua ambazo baba yake alikuwa ameviandikia vyuo vya Marekani akiomba nafasi. Mtu aliyelelewa Hawaii na Indonesia alimpata babu yake kwenye karatasi zilizotunzwa kijijini.

Madaftari ya kanisa

Kwa familia nyingi, maandishi ya kwanza ya mtu ni ya siku aliyobatizwa. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika Kisumu 1903. Waanglikana walianza kituo cha Maseno 1906, na mwaka huo huo Waadventista wakafungua Gendia, karibu na Kendu Bay.

Kila dhehebu liliandika kwa utaratibu wake. Daftari la Wakatoliki huwa na majina ya wazazi na ya msimamizi, na pembeni mara nyingi huongezwa habari ya ndoa ya mtu huyo miaka mingi baadaye. Waadventista huwabatiza watu waliofikia umri wa kuamua, hivyo tarehe utakayoiona haihusiani na kuzaliwa. Usishangae ukimkuta babu ameandikwa Yohana au Yakobo tu. Ndiyo maana unahitaji jina la baba na kijiji.

Nenda kwa adabu. Madaftari haya ni ya kanisa, wala si ya umma. Andika barua kwa parokia, taja unayemtafuta na sababu, na uwe tayari kurudi siku nyingine.

Kwenye majalada ya serikali

Sasa ndipo pa kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka. Idara ya Nyaraka za Taifa ilianzishwa kwa sheria mwaka 1965, na makao yake yamo katika jengo lililokuwa benki kwenye barabara ya Moi Avenue, Nairobi. Idara hiyo ina pia kituo cha kumbukumbu mjini Kisumu. Kwa kawaida majalada hufunguliwa kwa umma yakitimiza miaka 30. Beba kitambulisho, ada kidogo, daftari na penseli, kwa maana hifadhi nyingi hazipendi wino karibu na karatasi kuukuu.

Usiulize "Kisumu" peke yake. Nyanza ya leo iliitwa Kavirondo, na majalada yamepangwa kwa jina la ofisi iliyoyaandika. Ya Mkuu wa Mkoa wa Nyanza yana alama PC/NZA, ya Nyanza ya Kati DC/CN, na ya Kavirondo Kusini, iliyotawaliwa kutoka Kisii, DC/KSI. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: hadi tarehe 1 Aprili 1902 Kisumu ilikuwa chini ya Uganda. Habari za kabla ya hapo zitafutwe pia katika nyaraka za Uganda.

Ndani utakuta ripoti za kila mwaka, mashauri ya mabaraza, barua za ugomvi wa mashamba, sifa na lawama za machifu, na hata orodha za koo ambazo wakuu wa wilaya waliziandika walipotaka kujua nani amtawale nani. Mtu wa kawaida huonekana pale alipogombania mpaka, alipodaiwa ng'ombe au alipomshtaki chifu. Soma kwa tahadhari: karani mgeni aliandika Odhiambo kama alivyolisikia, na mzee aliyeulizwa ukoo huenda alikuwa na sababu zake za kujibu alivyojibu. Ndiyo maana maneno ya nyanya hayatupwi hata ukipata karatasi.

Wako pia ambao karatasi haziwajui kabisa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza maelfu ya wanaume wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi katika kikosi ambacho jina lake limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Kama kwenu husimuliwa habari za mtu aliyekwenda vitani asirudi, simulizi hiyo huenda ndiyo kaburi lake pekee. Iandike.

Yaliyovuka bahari

Baadhi ya habari zetu ziko mbali. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alikaa kwa Waluo akiuliza juu ya koo na ndoa, na akipiga picha. Baba yake alikuwa kasisi aliyezungumza Kiwelisi, mtu wa Caernarfon, na jina la Pritchard, kama tulivyoona, ni "mwana wa Richard". Picha zake zimo katika makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford. Mwaka 2007 nakala zilirudishwa Nyanza na kuonyeshwa hadharani karibu na zilikopigwa, wazao wa waliopigwa picha wapate kuwaona.

Barua nyingine za Obama baba, za miaka ya 1958 hadi 1964, ziligunduliwa 2013 katika kituo cha Schomburg, New York. Jifunze hapo kwamba aliyesoma au kufanya kazi ng'ambo huenda aliacha alama huko.

Waliokuja na reli

Kisumu si ya Waluo peke yao. Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Wahindi zaidi ya 30,000 walikuwa wameletwa kuijenga, na kiasi cha 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, lakini wengine walibaki, na maduka ya Kisumu na mashamba ya Kibos yana wajukuu wa wahamiaji wa siku zile. Nao waanze na wazee wao, waulize kwenye hekalu, msikiti au gurdwara, kisha watembelee Makumbusho ya Reli ya Nairobi, iliyofunguliwa 1971. Hata kwao swali ni lile lile: jina gani, kijiji gani, jamii gani?

Usingoje Desemba

Kazi hii haihitaji fedha nyingi wala digrii. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuianza likizoni. Rekodi sauti ya mzee kwa simu, na umwombe ruhusa kwanza. Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli, kutoka kushoto hadi kulia. Chora mti wa ukoo ukitenganisha nyumba za akina mama. Toa nakala, moja ibaki kijijini na nyingine mjini, kwa sababu moto, mchwa na mafuriko havichagui. Yako pia mambo ya aibu au ya ugomvi ambayo mzee hatapenda yatangazwe, yahifadhi, usiyatangaze.

Lakini anza na kilicho karibu kutoweka. Majalada ya Moi Avenue yamengoja miaka mingi na yatangoja mwezi mwingine. Daftari la ubatizo litakuwapo mwaka ujao. Mzee wa miaka 85 ambaye ndiye pekee ajuaye babu alizaliwa katika nyumba ya mke gani hana ahadi hiyo. Mpigie simu leo jioni, umwulize jina la nyanya yake.